Sauti ya Chumba

Walipiga filamu siku kumi na moja
ndani ya gereji mjini Galați, chini ya jengo la ghorofa nne
lililojengewa mafundi wa meli enzi za meli.
Fedha zilitoka kwenye gari la mama yake Sorin.
Gari lenyewe ndilo lililokuwa likilala humo.

Wanaume watano. Meza, taa ya fundi, chupa ya plamu kali.
Swali moja tu: semeni kuhusu wanawake.

Costel akaanza, kama mtu anayenadi bidhaa.
Mwanamke, alisema, ni injini ya dizeli:
asubuhi ya baridi usiilazimishe.
Wakacheka. Nelu akapiga meza, glasi zikaruka.
Mircea, aliyeachwa mara mbili
na asijue sababu hata ya mara moja,
alisema wanawake wote ni wale wale,
kisha akawataja wawili.

Katika lugha hii ninayoandika, kitenzi kimeshaamua:
mume huoa, mke huolewa.
Kwao sijui husemwaje,
ila ungewasikia ungedhani
wamesomea sarufi kwetu.

Rodica alisimama nje ya picha,
fimbo ya maikrofoni juu ya vichwa vyao,
mikono juu kama mateka.
Bega la kulia likawaka, likafa ganzi, likawaka tena.
Masikioni mwake aliwapata
karibu kuliko walivyowahi kumkaribia mtu:
mate yakimezwa kabla ya uongo,
ukucha ukikwaruza kitambaa cha plastiki,
tumbo la Nelu likinguruma
katikati ya sifa za ujana wake.

Siku kumi na moja, na hakuna aliyemuuliza jina.
Mara moja Costel aliinua macho,
akaiambia maikrofoni, si yeye:
"Hilo usiliweke."

Dorin hakusema lolote la kufaa.
Alianza, "Marehemu mke wangu alikuwa…"
akaitafuta sifa mezani, kati ya glasi,
akaishia kuomba kiberiti.

Jioni ya mwisho Sorin akasema: sasa nyamazeni.
Dakika moja. Tunarekodi chumba chenyewe.
Ni desturi ya kazi; kila mahali pana ukimya wake,
na fundi wa sauti huutumia kuziba viraka.

Wakanyamaza. Wanaume watano
wasio na kitu cha kufanya na nyuso zao.

Lilisikika jokofu la jirani.
Lilisikika bomba, na theluji ikiteleza kutoka paani.
Kisha, juu ya dari, nyayo:
hatua moja nzito, moja ya kuburuta,
kiti kikavutwa,
hatua moja nzito, moja ya kuburuta.

Mmoja mmoja wakatazama juu.
Kamera ilizimika sekunde ya arobaini, betri imekwisha,
kwa hiyo yaliyobaki katika filamu ni giza
na sauti ya Nelu, ndogo, kama ya mtu aliyepotea sokoni:
"Tangu lini anachechemea?"

Hakuna aliyejibu. Nani angejibu?
Sorin alitaka kuikata. Kitaalamu, alisema, picha hakuna.
Rodica alikaa mbele ya mashine, bega limefungwa barafu,
akasema neno la kwanza ambalo filamu nzima ililisubiri.
Alisema: hapana.

Ilionyeshwa Machi, kwenye ukumbi wa maktaba,
viti sitini, watu thelathini na mmoja.
Nelu hakuja; alisema ana mafua.
Jina la Rodica lilipita mwishoni, herufi moja imekosewa.

Lakini alikuwepo mama mmoja mwenye fimbo ya kutembelea,
alichelewa, akaketi karibu na mlango,
koti hakulivua.
Giza lile alilitazama bila kupepesa.
Pale penye injini ya dizeli, wanasema,
alikuwa amecheka mpaka akakohoa.